Mkebe wa Mafuta Upande wa Kamba

Afisa wa wafanyakazi ameniomba niandike kurasa chache za kumbukumbu zibandikwe kwenye ubao wa matangazo, pale kati ya ratiba ya zamu na lile karatasi linalokataza kutema mate. Alisema vijana wanahitaji kutiwa moyo. Akaongeza kwamba niandike mambo mazuri mazuri. Kama alitaka mambo mazuri mazuri, angemwomba mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hapa. Mimi nimekaa kwenye stoo ya kiwanda hiki cha mabomba, hapa Mitunguu, miaka ishirini na sita, nikitoa nati, beringi na majibu makali, na mambo mazuri niliyoyaona yangeenea kwenye kijitabu cha vocha.

Hata hivyo naandika, na sababu yangu ni mbuzi. Ni beberu mweusi mwenye doa jeupe usoni. Nilimnunua soko la Kiritiri, kule nilikoolewa, na wakati huu amefungwa nyuma ya nyumba ya Mzee M'Itonga akingoja nimalize kuandika. Wengi wenu hamumjui Mzee M'Itonga. Mnajua tu kwamba ndiye aliyeiua mashine kubwa akafukuzwa kazi, na mpaka leo mtu akiharibu kitu mnamwambia, "Usitufanyie za M'Itonga." Jina hilo nililichafua mimi. Nataka kulisafisha kabla mzee hajafa, na ili mwelewe nililichafuaje, itabidi mnivumilie na Kihindi kidogo.

Sitasema habari za kupandishwa cheo kwa sababu hazipo, wala za mshahara kwa sababu sipendi kucheka peke yangu. Nianzie siku ya kwanza. Nilikuja na cheti cha ukarani, sketi ya kanisani na viatu vya kisigino, nikawekwa nyuma ya kaunta ya stoo bila kuelezwa chochote. Mtu wa kwanza kuja alikuwa mwendesha mashine, mwanamume mrefu mwenye mikono iliyopasuka, akataka beringi. Nikampa kitu cha duara. Akakitazama, akanitazama.

"Wewe ni wa nani?" akauliza.

Nikamtajia baba yangu.

"Wa huko Nkuene? Huyo tulitahiriwa na yeye msimu mmoja. Basi wewe ni msichana yangu. Na msichana yangu hawezi kunipa beringi ya trekta nikaweke kwa pampu."

Huyo ndiye M'Itonga. Hakuna kozi niliyopelekwa iliyonifunza kama alivyonifunza yeye wakati wa chai ya saa nne, tukiwa na kikombe mkono mmoja na nduma mkono mwingine. Alinionyesha jinsi ya kuzungusha beringi karibu na sikio na kusikia kama imechoka. Alinifunza kupima mafuta kwa vidole: mafuta ya giaboksi huvuta, huacha uzi kidole kikiachana na kidole, mafuta ya haidroliki huteleza tu yakaenda zake. Na alikuwa ameipanga stoo kwa nyumba. Kila mashine ilikuwa na rafu yake, na kwenye rafu hiyo zilikaa beringi zake, spana yake na mkebe wake wa mafuta. Hakukuwa na haja ya kusoma lebo. "Kitu ikae na jamaa yake," alisema, "hata gizani utaipata." Nyinyi mlio na kompyuta chekeni, lakini miaka kumi ya kwanza sikuwahi kumpa mtu kitu kisicho chake.

Kisha ikaja mashine kubwa kutoka India, ile inayokoroma pale katikati, na pamoja nayo akaja Dinesh. Alikuja kwa miezi mitatu ya kuifunga na kuonyesha watu namna ya kuitumia. Bado yupo. Nafikiri waliomtuma walimhesabu kama kijitabu cha maelekezo, na nani huulizia kijitabu? Kiingereza chake kilikuwa cha namba tu. Kiswahili chake kilikuwa maneno manne: lete, haraka, hapana, chai. Kwa maneno hayo manne aliongoza wafanyakazi arobaini. Nawajua mameneja waliozaliwa hapa hapa Meru wanaotumia mawili.

Kwa kuwa kila alichotaka kilikuwa nyuma ya kaunta yangu, ikawa mimi ndiye niliyeanza kumsikia. Amri zilikuwa rahisi. *Laao*, lete. *Jaldi*, haraka. Amri haina adabu wala sarufi, ndiyo maana wakubwa wanaipenda. Kazi ikaanza siku msumeno ulipovunjika. Dinesh alikuja kaunta, akauweka mbele yangu vipande viwili, akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia: *Kisne?* Nani kafanya? Hilo ndilo neno langu la kwanza la wakati uliopita katika Kihindi, na sikushangaa. Kiwandani wakati uliopo ni wa kuamrisha, wakati ujao ni wa kuahidi, na wakati uliopita una kazi moja tu, kutafuta mkosaji.

Nikaamua kujifunza vizuri. Sidanganyi kwamba ni kwa kupenda elimu. Niliona kwamba anayewasemea wawili wasiosikizana hafukuzwi kirahisi. Basi kila saa nne Dinesh alikuja na chai yake ya maziwa matupu, mimi nikaja na daftari, na Mzee M'Itonga akaketi kwenye debe akitutazama.

Wakati uliopo haukunisumbua. Kitenzi humfuata mtendaji kama kwetu, isipokuwa kinataka kujua kama ni mke au mume. Mimi nikileta kitu husema *laati*, Dinesh akileta husema *laata*. Sawa. Hata ukiwa umekuja au umekwenda, mambo bado ni shwari: *main aayi*, mimi mwanamke nilikuja. Lakini ukiwa umekitenda kitu, umekiona, umekinunua, umekivunja, na kazi hiyo imekwisha, hapo watu wale wanabadilika. Nyuma ya jina lako wanabandika kijineno *ne*, na kitenzi kinakuacha. Kinakwenda kukifuata kile kitu. Kufuli, *taala*, kwao ni dume, kwa hiyo nikiwa nimeona kufuli nasema *maine taala dekha*. Ufunguo, *chaabi*, ni jike, kwa hiyo nasema *maine chaabi dekhi*. Mimi ni yule yule na macho ni yale yale, lakini kitenzi hakinijui tena. Sisi kitenzi chetu kina nafasi ya wote: nimeuona, mimi nimo na ufunguo umo. Chao kikishatoka kazini kinapanda gari na kile kitu, na wewe unaachwa stendi.

Kile kijineno *ne* nilikielewa siku niliyofikiria mbuzi wa Kiritiri. Mbuzi akiwa malishoni na wenzake huna haja naye. Lakini yule aliyekwisha kuingia shamba la mtu akala kunde hufungwa kengele, ili kila mahali asikike. Basi *ne* ni kengele. Anayetenda sasa hivi yuko huru. Aliyekwisha kutenda amefungwa kengele, na macho yote yamegeukia kunde. Nikaona kumbe Kihindi kimeeleza kiwanda chetu kuliko mwongozo wowote wa wafanyakazi.

Kuelewa ni jambo moja, kusema ni jingine. Kwa muda wa miezi nilisema *chaabi dekha*, na Dinesh akashika kichwa kama mtu aliyeumwa na jino.

"Behen," alisema, maana yake dada, "chaabi mwanamke. Taala mwanaume."

"Nani aliwaangalia?" Mzee M'Itonga akauliza kutoka kwenye debe.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo mnalilaani bila kujua chanzo chake. Niliipanga stoo upya. Upande wa kushoto niliweka vitu vya kike vya Kihindi: funguo, misumari, misumeno, kamba, grisi. Upande wa kulia vya kiume: kufuli, nyundo, mabomba, mafuta. Nilitaka mkono wangu ujifunze, ili kila nikinyoosha kulia ulimi useme *dekha* na nikinyoosha kushoto useme *dekhi*. Na ulijifunza! Baada ya wiki chache Dinesh aliacha kushika kichwa. Lakini ndoa nyingi zilivunjika stoo ile. Kufuli lilikaa kulia na ufunguo wake kushoto, mita sita kati yao. Nyumba zote za Mzee zilibomolewa, na mikebe ya mafuta, ambayo kila mmoja ulikuwa umekaa na mashine yake, ikasimamishwa pamoja kwenye rafu moja kama wachumba wasiojulikana wametoka wapi.

Mzee alisimama mlangoni akatazama.

"Kaari, umetenganisha kufuli na ufunguo?"

"Ni shule, baba."

"Ni shule ya nani? Hizi mashine hazisomi Kihindi."

"Hiyo kubwa inasoma," nikamjibu, na tukacheka wote wawili. Hakurudia tena. Mzee wetu ana tabia hiyo: husema mara moja, halafu anakuacha ukajionee mwenyewe.

Niongeze jambo moja la sarufi, nalo ni la mwisho. Viko vitenzi vichache vinavyoikwepa kengele, hata kazi ikiwa imekwisha. Kuleta ni kimoja. Kusahau ni kingine. Nilimwuliza Dinesh kwa nini, akainua mabega. Mimi nilikipenda kile cha kusahau tangu siku hiyo. Mtu akisahau hafungwi *ne*, anapita tu kama aliyekuja na kwenda. Nilikiandika kwenye daftari na kukipigia mstari, kama mtu anayejua atakihitaji.

Sasa tuje kwenye mashine. Ilikuwa msimu wa watu kutaka mabomba, mvua imekataa na kila mwenye migomba yuko langoni anapiga kelele. Mzee M'Itonga alikuja mbio kuchukua mafuta ya giaboksi. Vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa bendeji, alikuwa amejikata siku iliyotangulia. Nikageuka kulia, upande wa kiume, nikatwaa mkebe. Lebo zilikuwa zimefutika kwa mikono ya grisi. Zamani nisingehitaji lebo. Nikajaza jagi.

"Ni hii?" akauliza.

"Ni hiyo, Mzee, enda."

Akaenda. Angekuwa na vidole vyake angeyapima, lakini alikuwa na bendeji, na mafuta yalitoka kwa msichana wake. Saa sita hivi tukasikia mlio ambao sitaki kuuelezea, kisha moshi, kisha kimya. "Imeshika!" mtu akapiga kelele. Giaboksi ya mashine kubwa ilikuwa imejitafuna yenyewe.

Wote walikimbilia mashine. Mimi nilikimbilia rafu. Nikatumbukiza kidole kwenye mkebe ule, nikakibana na kidole cha pili, nikaviachanisha. Hakukuwa na uzi. Yaliteleza yakaenda zake. Badala ya kutoka nje niseme, niliubeba ule mkebe nikauficha upande wa kushoto, nyuma ya marobota ya kamba, nikaufunika na gunia. Niliogopa. Nilikuwa na watoto shuleni na mume asiye na kazi, lakini siwezi kuwasingizia hao. Niliogopa kufungwa kengele, basi.

Jioni wafanyakazi walikutana chini ya banda la baiskeli. Sasa nyinyi wa siku hizi mnaripoti makosa kwa fomu, huenda hamjui. Kwetu mtu akikosa haendi mikono mitupu kusema pole. Mkono mtupu haulambwi. Watu wanatafuta mbuzi, anapelekwa kwa aliyekosewa, mkubwa kuliko wote anasema kosa ni letu, mbuzi anachinjwa, mnakula pamoja. Nyama ikishaliwa neno limekufa. Atakayelifufua baada ya hapo ndiye mwenye kosa jipya. Kwa hiyo walikata shauri: kesho apelekwe mbuzi kwa Dinesh, na mkubwa ni M'Itonga, atabeba. Hakuna aliyetaka hata kujua nani hasa alifanya nini. Hiyo ndiyo faida ya mbuzi.

Nilikuwepo pale. Katika watu wote waliokuwa chini ya banda lile, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba Dinesh hali nyama. Hali hata yai. Na nilijua kwamba kwake mtu akisema kosa ni lake, basi uchunguzi umekwisha na hukumu imeanza. Nilijua mila zote mbili, nikanyamaza katika zote mbili.

Kesho yake tuliingia ofisini. Dinesh alikuwa ameweka simu mezani, na ndani ya simu alikuwemo mwenye kampuni, akipumua kwa hasira. Mbuzi alikuwa amefungwa nje ya dirisha, analia. Dinesh akauliza swali lile lile la msumeno, ila safari hii jike lenyewe lilikuwa kubwa: *Mashin kisne todi?* Nani ameivunja mashine?

Nikamtafsiria Mzee. Alinitazama kwanza, kwa muda mrefu hivi kwamba nikahesabu mbuzi amelia mara tatu.

"Mwambie hivi," akasema. "Mimi ndiye mkubwa ya hawa watu wote. Hiyo kosa mniwekee mimi nibebe. Mbuzi iko hapo nje. Tukule, tunyamaze, tutengeneze mashine."

Alisema maneno mengi, na yote yalikuwa na maana. Hakusema hata mara moja kwamba aliivunja. Kazi yangu ilikuwa kuyavusha maneno hayo mpaka upande wa pili kama yalivyo, pamoja na mbuzi. Nikafungua mdomo, nikasema: *M'Itonga-ji ne mashin todi.* M'Itonga ameivunja mashine.

Kila kitu kilikuwa mahali pake. Jina, heshima, kengele shingoni, mashine ya kike, na kitenzi kimeifuata mashine vizuri kabisa. Ilikuwa sentensi ya kwanza ngumu niliyoisema bila kusita, na ilikuwa uongo mtupu. Dinesh akaniambia, "Shaabaash, behen," yaani hongera, dada. Alikuwa anasifu Kihindi changu. Siku hiyo hiyo, mbele ya mtu niliyemuuza, nilipewa maksi.

Akachungulia dirishani akauliza mbuzi ni wa nini. Nikamwambia ni wa kosa lake yule mzee. Hilo angalau halikuwa uongo, lilikuwa nusu tu. Kwetu mbuzi ni mwisho wa kesi. Kwa Dinesh alikuwa sahihi ya mshtakiwa, na bado analia. Ijumaa ya wiki ile Mzee M'Itonga alipewa barua, akiwa amebakiza muda mfupi tu astaafu kwa heshima. Alikwenda kumfungua mbuzi, ambaye alikuwa amekaa uani wiki nzima akila maua ya ofisi, akatoka naye langoni wakifuatana. Mlinzi alimkagua mzee mifuko. Mbuzi hakukaguliwa.

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka tisa. Nikawa mkalimani wa kiwanda kizima, Kihindi changu kikanawiri, Dinesh hakunisahihisha tena. Watu wakinitajia M'Itonga nilitikisa kichwa kwa huzuni, nao wakaniona nina huruma. Kwake sikwenda hata mara moja, na nyumba yake iko mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka hapa kiwandani. Nilijiambia nina kazi nyingi. Nikajiambia nimesahau.

Mwezi uliopita nilikuwa nikimkabidhi stoo Makena, msomi kutoka chuo cha kule Nchiru, ambaye ataipanga upya kwa kompyuta na Mungu amsaidie. Alizunguka na simu yake akipiga picha.

"Mathe, hizi shelfu ziliarrangiwa na nani? Mbona padlock iko kule na key iko huku?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa kwenye debe la Mzee. Lakini ana kichwa chepesi. Baada ya saa moja alikuwa anajua kushoto ni kike na kulia ni kiume, jambo lililonichukua miezi. Alipita rafu ya kushoto akitaja: funguo, msumari, msumeno, kamba. Kisha akavuta gunia.

"Na hii mafuta? Si ni ya kiume? Inafanya nini kwa side ya kamba?"

"Nilisahau hapo."

"Imefunikwa, Mathe. Mtu akisahau kitu haifuniki."

Hakuwa na nia mbaya, binti wa watu. Aliupiga picha mkebe akaendelea na kazi. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye banda la baiskeli, nikaona haya kama sijawahi kuona haya maishani mwangu.

Basi ndipo nikanunua mbuzi. Nikampeleka kwa Mzee M'Itonga Jumapili baada ya kanisa. Nilimkuta shambani akisogeza mabomba ya kumwagilia migomba, na mabomba yenyewe ni yetu, yametoka kwenye mashine ile ile. Amekonda, sikio moja limekufa, lakini alinitambua kabla sijafika kwenye ua.

"Kaari! Miaka yote hii. Mbuzi ni ya nini?"

"Ni ya ile mashine, baba. Mafuta yalikuwa mabaya. Ni mimi niliyekupa."

"Hiyo najua," akasema. "Nilijua siku ile ile. Jioni nilitoa bendeji nikashika mafuta ilimwagika chini. Ilikuwa inateleza."

"Ulijua? Na ukasema kosa uwekewe wewe?"

"Nilisema hivyo ndio uone aibu uongee. Na uliongea! Nilikuona. Ulifungua mdomo ukasema Kihindi, nikasikia jina yangu ndani, nikajua unanitetea. Yule Mhindi akakataa. Nilienda nyumbani na hasira yake, lakini wewe nilikushukuru. Nilimwambia mama watoto, msichana yangu alisema ukweli mbele ya simu."

Ingekuwa rahisi sana kunyamaza. Alikuwa ameshanisamehe kwa jambo ambalo sikulifanya, miaka tisa, na kulala nalo vizuri. Nikamwambia, na sasa nililia. Nikamtafsiria ile sentensi neno kwa neno, kwa Kimeru, lugha ambayo haina mahali pa kujificha kwangu.

Mzee alilima kidogo. Akafunga maji, akafungua maji. Kisha akachukua kamba mkononi mwangu, akaenda akamfunga mbuzi nyuma ya nyumba, akarudi.

"Sitakula huyu mbuzi leo," akasema. "Nyama ya kosa hailiwi na watu wawili. Inaliwa na wale walikuwa hapo. Uliongea kwao, enda uongee kwao tena. Ukimaliza, wakuje tukule. Kama hutaki, mbuzi ikae hapo izeeke kama mimi."

Ndiyo maana, afisa wetu mpendwa, haya si mambo mazuri mazuri. Yabandike hivyo hivyo. Vijana, mkebe uko mezani kwa Makena. Tumbukizeni vidole mjionee. Na kwa Dinesh-ji, ambaye hasomi Kiswahili, ninaandika kwa lugha aliyonifunza, na kama kuna kosa la kitenzi asahihishe: *Galat tel maine diya. M'Itonga-ji ne kuchh nahin toda.* Mafuta yasiyofaa nilitoa mimi. M'Itonga hakuvunja kitu.

Njooni nyote Jumamosi, nyuma ya migomba, mbuzi amenenepa. Dinesh-ji, wewe tutakuchemshia ndizi, lakini lazima uje. Mzee amekuwekea debe la kukalia, kama lile la stoo.